Wimbo wa Mwisho wa Albamu ya Nane

Jumamosi saa nane mchana, dada wa kinyozi alimaliza kukunja taulo kumi na mbili, akaona joto limezidi saluni, akataka kumwambia mdogo wake afungue dirisha. Neno halikuwepo. Alisimama kidogo, kiganja wazi, kama mtu anayepapasa swichi ukutani, kisha akasema:

"Mdogo wangu, fungua hicho cha kuchungulia."

Kinyozi alinyoosha mkono wa kushoto akafungua dirisha, huku wa kulia ukiendelea kunyoa kisogo cha mteja. Mteja hakuuliza kitu. Alikuwa mkazi wa mtaa ule.

Neno *dirisha* lilikuwa limeondoka na albamu ya sita, upande wa pili, wimbo wa tatu. Kabla ya hapo albamu ya nne ilikwisha chukua *shuka* na *Jumanne*, na ya tano ikachukua *mtoto* pamoja na maneno mengine kumi na moja. Hayakuwa maneno yote ya nyimbo. Yalikuwa yale tu ambayo dada huyo aliyaandika kwenye barua zake kwa mwimbaji wa bendi, na mwimbaji akayaimba. Siku kaseti ilipoingia madukani, neno lilimtoka kinywani. Akilisikia kwa mwingine, alilisikia kama sauti ya lugha ya wageni. Akiliona limeandikwa, aliona mchoro. Vitu vyenyewe vilibaki. Dirisha alilifuta kila asubuhi.

Barua alianza kuziandika mwaka ambao binti yake alilazwa wodini miezi kumi na moja. Muuguzi wa zamu alikuwa na redio ndogo, na redio ikawa inapiga albamu ya tatu, na mtoto alilala kwa nyimbo zile kuliko alivyolala kwa sindano. Mama akataka kushukuru. Mdogo wake alimnakilia anwani iliyokuwa nyuma ya kasha la kaseti, akanunua stempu, akapeleka barua posta. Mtoto alipofariki mama aliendelea kuandika, kwa sababu alikwisha zoea na kwa sababu hakuna mwingine aliyemuuliza yale mambo. Zilifika barua ishirini na sita. Alijibiwa mara moja tu, kwa picha ya bendi yenye saini iliyopigwa mtamboni. Picha hiyo ilibandikwa juu ya kioo cha saluni.

Alikuwa na meza yake ya pasi kwenye kona, akinyoosha nguo za watu na kufua taulo za mdogo wake. Benchi la wateja lilikuwa mkabala naye, na kila Jumamosi benchi hilo lilikuwa mali ya wapenzi wa bendi. Waliosalia walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mwalimu wa hesabu, aliyeamini kwamba bendi ilianza kuwa bendi kwenye albamu ya nne. Wa pili aliendesha ile mashine ya kuchimbia barabara ambayo watu huiita kijiko, na mtaa mzima ulimwita Kijiko. Yeye aliamini kwamba bendi ilikufa baada ya ya tatu na kinachosikika ni maiti inayopiga magitaa. Kinyozi alikuwa upande wa Kijiko, ila alisema kidogo.

"Habari za kazi, Bwana wa Kuchimba," dada alimsalimu alipoingia. Neno *kijiko* nalo lilikwenda na albamu ya sita.

"Nzuri, Dada. Huyu mwalimu ameshaanza?"

"Nilikuwa nakungoja wewe," Mwalimu alisema. "Raha ya ubishi ni mtu wa kumshinda."

Wakabishana. Kijiko alisema albamu tatu za kwanza zilikuwa na ngoma ya kukutoa kwenye kiti, na hizi za mwisho ni mtu anajililia chumbani na amesahau kufunga mlango. Mwalimu alisema ngoma hata punda huisikia kwa kwato, maneno ndiyo yanataka kichwa.

"Kichwa gani?" Kijiko alisema. "Sikiliza huu upuuzi." Akaimba kwa sauti ya puani: "*Dirisha halikunionyesha mtu, lilinionyesha saa.* Sasa hayo nayo ni maneno ya roki? Dirisha na saa wapi na wapi?"

"Dirisha ni kifo," Mwalimu alisema. "Saa ni hofu ya kifo. Nimeyatafakari haya miaka minne."

"Dirisha ni vina vimemwishia. Amejaza nafasi tu."

Dada aliweka pasi chini. Maneno yalipoimbwa hakuyaelewa, lakini aliujua wimbo kwa mahadhi, na aliijua barua yake. Aliandika kwamba pale wodini, pale pa kuchungulia, palitazamana na ukuta wa jiko la hospitali, na ukutani palikuwa na saa kubwa, na kwa miezi kumi na moja hakuona mtu hata mmoja akipita, aliona saa tu, akajua wakati wa kumpa mgonjwa dawa. Alitaka kulisema hilo. Aliinua mkono akaonyesha kwa kidole.

Wanaume wote watatu walitazama. Kijiko akanyanyuka.

"Samahani, Dada. Vumbi linakuharibia nguo zako," akasema, akafunga dirisha.

Mwalimu alikuwa na daftari lenye mistari aliyoipiga kwa rula. Safu ya kwanza iliandikwa Neno, ya pili Albamu, ya tatu Wimbo. Kwa miaka sita alikuwa akiorodhesha yaliyomtoka dada wa kinyozi, na yalikuwa yamefika arobaini na mbili. Alilifungua sasa kwa utaratibu.

"Albamu tatu za kwanza hazikuchukua neno lolote kwa mtu yeyote," alisema. "Ya nne, mawili. Ya tano, kumi na mawili. Ya sita, kumi na moja. Ya saba, kumi na saba. Hesabu ndiyo hiyo. Maneno yalianza kuwa na uzito kwenye ya nne."

"Kwa hiyo wimbo ukiiba ndiyo mzuri?"

"Sijasema kuiba. Nimesema kuchukua."

"Dada, umemsikia?"

"Nimemsikia," dada alisema. "Ya nane inatoka lini?"

"Jumamosi ijayo," walijibu kwa pamoja. Kwa hilo hawakuwa na ubishi.

Alirudi kwenye kola ya shati. Albamu ya saba ilikuwa imechukua *binti* na *mwanangu*. Baada ya hapo hakuwa na neno lolote la kumtajia aliyemzaa, ila jina lake. Na miezi saba iliyopita aliandika barua ya ishirini na sita, na katika barua zote ilikuwa hiyo peke yake ya kuomba. Alimwomba mwimbaji amrudishie maneno yake, hata nusu, hata yale madogo. Akaeleza yanamhusu nani. Kwa kuwa neno jingine hakuwa nalo, aliandika jina.

Jumatatu kinyozi alipiga simu kwenye kampuni iliyotoa kaseti za bendi, kisha akampa dada yake mkono wa simu. Karani aliyepokea alikuwa na sauti ya upole na hakuwa na haraka.

"Ni neno gani hilo, mama?"

Dada akalitaja. Lilikuwa jina la silabi tatu.

"Ngoja niangalie." Karatasi zilisikika. "Lipo, wimbo wa mwisho. Tena kwenye kiitikio. Jina zuri sana."

"Naomba mlitoe."

"Kaseti zimeshafungwa, mama. Ziko kwenye makasha hapa nyuma yangu, nazitazama."

"Ni langu."

"Hata mimi niliposikia niliona ni langu. Ndiyo uzuri wa wimbo huo. Umejiunga na chama cha wapenzi wa bendi?"

Alisema hapana. Karani alimwandikisha, akampa namba ya uanachama, akamtakia siku njema.

Wiki ile alilitumia jina kadiri alivyoweza. Alilisema akiwasha pasi na akiizima. Aliliita kwenye mlango wa uani kama alivyokuwa akiliita zamani, kwa kuivuta silabi ya kati, akangoja kidogo kama alivyokuwa akingoja. Alilinong'oneza kwenye taulo kabla ya kuzikunja, na wateja waliofutwa uso kwa taulo hizo walisema zina joto. Hakuna aliyelalamika.

Ijumaa jioni kinyozi alikuwa anafagia nywele. Alifagia mahali pamoja muda mrefu.

"Ile barua nilikaa nayo mfukoni siku tatu," alisema.

"Najua. Ilikunjika."

"Nilitaka nisiipeleke. Niliona hizi barua zinakumaliza."

"Mbona ukaipeleka?"

"Uliniuliza kama nimeshaipeleka, nikasema ndiyo. Basi sikutaka kuwa mwongo." Alikusanya nywele kwenye beleshi. "Dada, nitakukumbusha. Kila siku asubuhi nitakwambia jina lake."

"Utaniambia, nami nitalisikia kama la mgeni."

"Hata hivyo."

"Haya," dada alisema. "Hata hivyo."

Jumamosi saa nne asubuhi alikuwa akinyoosha mkono wa shati jeupe. Alilisema jina, likaja. Akaisimamisha pasi ili anyunyize maji. Alipoishika tena, halikuwepo. Alijua tu mahali lilipokuwa, kama mtu anavyojua pengo la jino kwa ulimi. Alimaliza mkono wa shati, akageukia wa pili.

Baadaye kidogo Kijiko aliingia na kaseti mpya, bado ina nailoni. Mwalimu alikuwa nyuma yake, anahema. Waliiweka kwenye redio ya saluni, wakakaa benchini, wakasikiliza pande zote mbili bila kusema, kama walivyofanya kila mara. Wimbo wa mwisho ulianza na gitaa peke yake. Kisha mwimbaji akaliita jina, akiivuta silabi ya kati, akangoja kidogo, na katika kule kungoja wanamuziki wenzake wakapiga makofi matatu.

Ulipokwisha, Kijiko alikuwa anafuta macho kwa kofia.

"Rudisha," alisema.

Mwalimu akarudisha. Uliposikika mara ya tatu wote wawili walikuwa wanapiga makofi mahali pake.

"Nakubali," Kijiko alisema. "Mbele ya mashahidi. Miaka yote nimekupinga, leo nakubali. Hakuna albamu ya kwanza wala ya tatu iliyonifanya hivi. Hii ndiyo bendi yangu."

Mwalimu hakujua afanye nini na ushindi wake. Alimpa Kijiko mkono, Kijiko akamvuta akamkumbatia. Halafu, kwa kuwa walikuwa hawajazoea kukubaliana, wakatafuta la kubishania.

"Huyo atakuwa mke wake wa kwanza," Kijiko alisema. "Mtu haiti hivyo ila mke aliyemkimbia."

"Si mtu kabisa. Ni mji. Mji alikozaliwa, haurudiki tena. Ona anavyongoja. Nani hungoja mtu aitike kwenye wimbo?"

Kinyozi alizima mashine ya kunyolea.

"Ni mpwa wangu," alisema.

Walimtazama.

"Ni jina la mpwa wangu. Mtoto wa dada. Alikuwa anamwita hivyo hivyo, pale mlangoni, na kungoja kwenyewe ndiko huko. Nyimbo zote tangu ya nne ni barua zake. Nilizipeleka mimi."

Mwalimu aliitoa karatasi ya mashairi iliyokunjwa ndani ya kasha, akaifungua hadi mwisho, akasogeza miwani.

"Hapa pameandikwa, *Maneno na muziki: mwimbaji*," alisema kwa upole. "Pole sana, ndugu yangu. Majina hufanana. Tena hata kama ingekuwa hivyo, wimbo ukishatoka haumhusu aliyeuanza. Tukianza kuuliza kila neno limetoka kwa nani, hatutausikiliza."

"Mimi nasema mna bahati," Kijiko alisema. "Ningekuwa mimi jina la nyumbani kwetu limo humo, ningeliandika kwenye mashine yangu kwa rangi."

Kinyozi alimtazama dada yake. Dada alikuwa anatafuta kifungo kilichoanguka chini ya meza.

"Unasemaje, Dada?" Mwalimu aliuliza, na alikuwa ameshafungua daftari. "Kuna lolote leo?"

"Moja," dada alisema.

Mwalimu aliandika: *Jina. Ya nane. Wimbo wa mwisho.* Akapiga mstari chini kwa rula.

Kufikia katikati ya wiki mtaa mzima ulikuwa unaliimba. Waashi waliliimba juu ya jukwaa, wakigonga matofali mara tatu kwa mwiko. Wanafunzi waliotoka shule waliliita kutoka upande mmoja wa barabara, wenzao wa ng'ambo wakapiga makofi. Kijiko alipita na mashine yake, na jina lilikuwa limeandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, mwandiko mzuri. Alipiga honi mara tatu alipofika usawa wa saluni.

Dirisha lilikuwa wazi. Dada aliuona ule mchoro mwekundu ukipita, akaweka pasi chini, akasikiliza barabara.

"Mdogo wangu," alisema, "siku hizi wanamwita nani huyo?"

Asubuhi ile kinyozi alikuwa ameshamwambia mara moja, kama alivyoahidi. Akamwambia tena. Alilisema taratibu, akaivuta silabi ya kati.

Dada aliinamisha kichwa, kama mtu anayejulishwa mgeni mlangoni na hataki kulikosea jina lake.

"Jina zuri," alisema. "Na mimi wangu ningemwita hivyo."

"Lingemfaa," kinyozi alisema.

Akachukua taulo moja iliyokunjwa juu ya meza. Mteja alikuwa anangoja kufutwa uso. Aliponyanyua kichwa, mteja alisema taulo ya leo imepoa.