Injini Mpya ya Isihaka

Mimi ndiye mwenye pua kali kuliko watu wote wa Kasulu mjini. Haya, wa mtaa wetu. Na hata mtaani kwetu yupo mbuzi wa Nurudini anayenishinda, ila huyo hawakuweza kumpa kazi kwa sababu hasemi alichonusa.

Kazi yenyewe ililetwa na mwenyekiti wetu wa mtaa, Asmahani. Barabara ya soko letu iko bondeni, maduka kulia na kushoto, na moshi ukishaingia hautoki. Magari ya dizeli yaliyoshusha maharage kutoka Kibondo na Mabamba yalikuwa hayazimwi. Betri zao zilishakufa zamani. Dereva akizima itabidi atafute watu wa kusukuma, na kusukuma kwenyewe ni kupanda mlima. Basi gari linanguruma tangu saa moja asubuhi hadi adhuhuri, mwenyewe yuko kwa mama ntilie anakunywa chai. Vitumbua vyangu vilitoka jikoni vyeupe, ikifika saa nne vinafanana na vya jana. Siku nyingine vilikuwa vya jana kweli, lakini hilo silo tunalozungumza.

Muuguzi wa zahanati akamwambia Asmahani kwamba watoto wanaoshinda madukani kwetu wanakohoa kuliko wale wa juu mlimani, na kwamba moshi wa dizeli una masizi membamba yanayoshuka hadi ndani ya mapafu na kubaki huko. Asmahani akaitisha mkutano. Akasema gari lolote la dizeli likomee juu, uwanja wa mnada, na mzigo ushuke kwa mkokoteni. La petroli lipite.

Nurudini, mwenye duka la saruji, akasimama. "Saruji yangu ishuke kwa mkokoteni, mwenyekiti? Mfuko mmoja mmoja, kama wagonjwa?"

"Ndiyo. Mkokoteni utaukodi. Mapafu utayakodi kwa nani?"

"Na petroli haina moshi?"

"Inao. Tumeanza na ule mbaya zaidi. Ukitaka tuyafunge na ya petroli sema sasa hivi, tuandike kwamba wazo ni lako."

Nurudini akakaa.

Pale barabara inapoanza kushuka wakaweka mwanzi mrefu juu ya mawe mawili. Kijana Omary akapewa kazi ya kuuinua. Nsabimana, aliyekuwa karani wa ushirika enzi za kahawa, akapewa daftari la namba za magari. Ikabaki kujua lipi la dizeli na lipi la petroli, maana siku ya kwanza madereva wote waliapa kuwa ni ya petroli, hata wa lori. Fundi wa mtaa alipoombwa akae kwenye kizuizi alikataa, akasema magari yote ni wateja wake. Ndipo mtu akakumbuka kwamba mimi ndiye niliyewahi kunusa gunia la dagaa lililooza likiwa bado halijashushwa. Wakanipa kiti cha plastiki na mamlaka. Kiti kilikuwa kizuri.

Nilikuwa naenda nyuma ya gari, injini ikiwaka, nainama kidogo, navuta pumzi, kisha nasema "dizeli" au "lipite". Wengine walinitukana. Dereva mmoja wa Mabamba aliniuliza, "Bibi, na nikijamba utasema ni dizeli?" Nikamjibu kwamba hilo ni bora lipite kuliko gari lake.

Aliyeumia ni Isihaka. Huyu ni mtu wa Kibondo, babu yake alikuja huku na biashara ya chumvi kutoka Bagamoyo, na Isihaka mpaka leo husema "sisi watu wa pwani" ingawa bahari ameiona kwenye kalenda. Alikuwa na pikapu kuukuu ya dizeli, anapakia watu na magunia, Kibondo kuja Kasulu, Kasulu kurudi Kibondo. Watu walimpenda kwa jambo moja tu: alikuwa anasimama katikati ya soko, mlangoni kwa Nurudini, mtu anatoka na mzigo wake dukani na kupanda. Alipolazimishwa kukaa juu kwenye mnada, hakuna aliyepanda kilima na ndoo ya mafuta kichwani kumfuata. Walichukua vigari vidogo vya petroli pale pale sokoni. Kwa wiki mbili Isihaka alirudi Kibondo na kuku wawili na mzee mmoja ambaye alikuwa anasinzia, sidhani kama alijua amepanda gari gani.

Kisha akapotea wiki nzima. Alipotokea tena, alishuka kwenye kizuizi akiwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi.

"Mwakeye, mama Esteri."

"Mwakeye, Isihaka," nikaitikia salamu. "Geuza urudi juu."

"Sirudi. Nimebadilisha injini. Nimefungiwa ya petroli kule Kibondo, mpya kabisa."

Asmahani alikuwepo. Akamtazama, akamwambia, "Isihaka, neno lako hilo naliandika. Likiwa la uongo, pikapu hiyo haitaingia bondeni tena, hata ukiifungia injini ya baiskeli."

"Andika, mwenyekiti. Mimi mtu wa pwani, nitadanganya kwa ajili ya gari?"

Nsabimana akaandika. Mimi nikaenda nyuma. Mlio ulikuwa ule ule wa zamani, kama mtu anatikisa mawe ndani ya debe. Lakini mimi niliwekwa kwa pua, masikio hawakuniomba. Nikavuta pumzi. Ilinijia harufu ya jikoni, ya maandazi yanayoiva.

Mawese. Nimekaangia mawese tangu sijaolewa, siwezi kuyakosea. Nikamwangalia Isihaka, naye akaangalia juu, kama mtu anayetafuta mwewe.

"Unasemaje?" Asmahani akaniuliza.

"Dizeli siisikii," nikasema, na ilikuwa kweli.

Omary akainua mwanzi.

Fundi alinieleza pembeni, baada ya kuniapisha. Injini ya dizeli kuukuu ukiipa mawese yaliyochemshwa, umeyachanganya na dizeli kidogo, inakunywa bila kinyongo. Isihaka alikuwa anayapasha kwenye sufuria kabla ya safari. Nikamuuliza kama injini ya petroli nayo inaweza. Akacheka. Nikamuuliza na dizeli ukiipa petroli? Akaacha kucheka. Akasema hapo umeiua.

Mwezi mzima pikapu iliingia na kutoka. Abiria walirudi. Watoto wa madukani walisimama nyuma yake na kuuliza maandazi yako wapi, na mimi niliuza sana, sitakataa. Kama kikohozi kilipungua au hakikupungua kwa sababu ya Isihaka sijui; magari mengine yalikuwa juu, na vitumbua vyangu vilibaki vyeupe mpaka saa sita.

Juni ikaingia na baridi yake. Kwetu huku mlimani Juni mtu hulala na sweta na bado akagombania blanketi. Isihaka akapata shughuli ya harusi, akalala Kasulu, pikapu ikalala nje. Alfajiri akaiwasha kwa shida, akaleta abiria wanne waliotaka kwanza kupakia mizigo sokoni, na ilipofika kwenye mwanzi ikakohoa mara tatu ikazimika. Nilijua papo hapo. Chupa yangu ya mawese asubuhi hiyo nilikuwa nimeiweka karibu na moto ili yamiminike. Yalikuwa yameganda kama sabuni.

Kwenye pikapu alikuwemo Therese, mama Mkongomani anayeuza vitenge, ametoka kambi ya Nyarugusu. "Papa, iko nini? Mi niko na haraka, bantu banangojea vitu yangu Kibondo."

"Si kitu, mama," Isihaka akasema. "Petroli imekwisha tu."

Nadhani lilimtoka kabla hajafikiri. Asmahani alikuwa anapita kwenda ofisini. Akasimama.

"Imekwisha? Basi usipate tabu. Omary, kaombe petroli kwa wale wenye vigari."

"Hapana, mwenyekiti, msijisumbue. Nitaisukuma."

"Kusukuma gari lisilo na mafuta? Mpaka Kibondo?"

Abiria wakacheka. Therese akashuka, akasema yeye mwenyewe atalipia, ili mradi waondoke. Nurudini naye alitoka dukani na faneli. Sijawahi kuona mtaa wetu una huruma kiasi kile.

Omary akarudi na dumu la lita tano. Isihaka akasogea mbele ya kifuniko cha tangi.

"Mimi natumia ya Kibondo tu," akasema. "Ya hapa hainipendi."

"Zote zinatoka Dar es Salaam kwa lori moja," Nurudini akamwambia. "Sogea."

"Acheni ipoe kwanza."

"Ipoe?" Therese akasema. "Na hii baridi? Papa, wewe iko mugonjwa?"

Isihaka akanitazama mimi. Nikaangalia juu; mwewe hakuwepo. Nilikuwa nakihofia kiti changu nisije nikanyang'anywa, na Asmahani tayari alikuwa ananitupia jicho ambalo sikulipenda.

Omary akafungua kifuniko, akaweka faneli, akainua dumu. Isihaka akaruka. Faneli ikaenda upande wake na kanzu ikapata doa, na kiganja chake chote kikafunika mdomo wa tangi, vidole vimebana, kama mtu anayemzuia mtoto asiseme.

Nsabimana akafungua daftari, akarudisha kurasa mpaka kwenye jina alilolitafuta, akalishika kwa kidole.

"Isihaka," Asmahani akasema polepole. "Injini yako inakunywa nini?"

"Petroli, mwenyekiti."

"Basi toa mkono, imiminwe."

Hakuutoa.

"Nakuuliza mara ya pili."

"Petroli," Isihaka akasema, na akaongeza mkono wa pili juu ya ule wa kwanza.