Kona Nyuma ya Kabati

"Mwalimuuu! Meno kaning'ata tena!"

Mwalimu wa chekechea akaacha chaki. Mkononi mwa mtoto aliyelia, alama zilijipanga duara, ndogo kama punje za mtama. Hakuhitaji kuuliza. Binti mwenyewe, ambaye wenzake walimbatiza Meno, alikuwa ameshainuka na kujiendea zake kwenye kona ya adhabu, nyuma ya kabati.

Mkuu wa shule akachungulia dirishani. "Nilishasema, Mwalimu. Aking'ata mwingine leo, kesho abaki kwao."

"Ana miaka minne, Mkuu."

"Na meno ishirini!"

Akarudi ofisini kwake, penye zulia na pazia. Ndio wakubwa hao: wamwage madarasa mawili katika chumba kimoja, wajifungie mlango, kisha washangae kwamba mtoto ana meno.

Chumba kilivuma kama mzinga. Kelele zilipanda, zikagonga bati, zikarudi kuwaangukia watoto vichwani. Mwalimu akaenda konani na maneno makali mdomoni. Alipoinama nyuma ya kabati, kelele zikafifia, kana kwamba amezama majini. Vumbi lilielea polepole kwenye mwanga wa tundu la ukuta. Meno aliegemea pale, uso umelainika, akijibembeleza.

"Unafanya nini huku?"

"Nasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

"Kimya."

Maneno makali yakamyeyukia Mwalimu ulimini. Kumbe siku zote hizi alikuwa akimpa kwa mkono wake kile ambacho mtoto alikitafuta kwa meno!

Akachuchumaa. "Ukitaka kuja huku, mama, usimng'ate mtu. Njoo unishike hapa." Akagusa kiwiko chake.

"Hata kama sijakosa?"

"Hata kama hujakosa."

Saa ya kuimba, chumba kikafurika sauti. Meno akaziba masikio, haikusaidia. Macho yakamhangaika. Akaudaka mkono wa jirani yake, mdomo ukafunguka. Mlangoni, Mkuu alishasimama, mikono nyuma.

Mwalimu hakupiga kelele. Alikitoa kiwiko chake ubavuni, akakiacha hewani, kama tawi linalosubiri ndege.

Mdomo ulibaki wazi. Kisha vidole vikaachia mkono wa jirani, na miguu midogo ikapita katikati ya wimbo, mpaka kiwikoni. Wakaongozana nyuma ya kabati.

"Amefanya nini tena huyo?" Mkuu akauliza.

"Hajafanya kitu."

"Sasa mbona yuko konani?"

"Anapumzika. Sote tumechoka, Mkuu, ila wewe una mlango."

Mkuu akafungua kinywa kujibu, lakini watoto walishamvamia, wakimvuta suruali. "Tuimbishe wewe! Tuimbishe!"

Akakohoa. Akaanza, sauti ikikwaruza, na watoto wakamcheka.

Kule nyuma wimbo ulifika ukiwa mwembamba, kama unatoka ng'ambo ya mto. Meno alikuwa ameshasinzia, mdomo wazi juu ya mkono wa Mwalimu, pumzi yake ikiulowesha mkono wa gauni. Mwalimu hakuuondoa.