Ubao Usiozidi Mkono wa Mfalme

Katika nchi ya Mfalme Mkonomrefu, hakuna aliyeruhusiwa kukariri mahali anapoishi mwenzake. Ukimtaka mtu, tarishi alitazama Ubao uliosimama kando ya kiti cha enzi. Kila mtaa ulikuwa na mstari mmoja unaoonyesha unapoanzia. Kutoka hapo tarishi alihesabu hatua mpaka mlangoni. Hatua zisizidi elfu, ndiyo sheria. Na Ubao wenyewe usizidi mkono wa Mfalme, ili aguse kila mstari bila kuinuka. Kwa kuinuka alikuwa mvivu, Mungu amsamehe.

Mitaa ilipoongezeka, Mwanakheri, karani wa Ubao, alikwenda barazani.

"Mtukufu, Ubao umejaa. Machimboni hawana mstari."

"Machimboni ni jirani wa Tanurini," alisema Waziri. "Waunganishe. Mstari mmoja unatosha."

"Kutoka mwanzo wa Tanurini mpaka nyumba za mwisho za Machimboni ni hatua elfu moja na mia tatu, Mheshimiwa."

"Basi wajisogeze." Baraza likacheka.

"Au tuweke ubao wa pili."

Kicheko kikakatika. Mfalme akauliza taratibu, "Na huo utaguswa na mkono wa nani? Ubao wa pili, kiti cha pili. Bibi, unajua unachosema?"

Alijua. Akaunganisha. Kuunganisha kule kulimtafuna, maana binti yake Somoe alikuwa ameolewa Machimboni, nyumba ya mwisho, na mimba yake ilikuwa ya miezi minane.

Uchungu ulipomshika Somoe, mkunga alitumwa pamoja na tarishi. Hatua ya elfu iliwafikisha kwenye tanuri la matofali. Sauti ya Somoe waliisikia. Tarishi akasema sheria ni sheria, wakarudi. Mtoto alizaliwa amekufa.

Mwanakheri alijilaumu kuliko alivyomlaumu Mfalme. Siku ya saba alibeba ubao na kigoda hadi Machimboni, akaviweka pale mtaa unapoanzia, akaandika mstari wa kwanza, wa Machimboni. Wiki haijaisha, mitaa mingine sita iliyokuwa imeunganishwa vivyo hivyo ilikwisha kuja kuandikwa.

Mfalme akaamuru aletwe kwa kamba. Askari arobaini wakatazama Ubao, wakaanzia Tanurini, wakahesabu. Kwenye tanuri la matofali wakasimama. Mbele yao walimwona Mwanakheri kigodani, anamwelekeza mkunga njia.

"Elfu moja," alisema mkuu wao, ambaye mkewe alikuwa mja mzito. "Sheria ni sheria."

Wakarudi kusema kwamba mtu huyo hafikiki. Mfalme akapapasa Ubao kutoka juu mpaka chini, akiitafuta Machimboni. Waziri akamnong'oneza kuwa imebaki njia moja, Mtukufu aende mwenyewe. Na kwenda kulitaka kwanza ainuke kitini.