Taa Tatu na Mama Mkwe

Dereva wa lori aliyeitwa Shwari hakuzaliwa na jina hilo. Alilipata kwa mazoea. Umuulize mzigo, shwari. Umuulize barabara, shwari. Siku lori lake lilipotumbukia mtaroni, alitokea dirishani, akajikung'uta vumbi, akawaambia waliokuja mbio kumwokoa, "Shwari tu, jamani." Chini ya jua palikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kumtoa ushwari ule mwilini, naye ni mama mkwe.

Na asubuhi hiyo mama mkwe alikuwa amekaa kando yake kabini, mkoba mapajani. Alikuwa mkunga mstaafu, mfupi, mnene, mwenye sauti iliyozoea kuwaambia watu wazima "sukuma!" nao wakasukuma. Alikuwa anahamia kwa binti yake, na huko nyuma kwenye bodi vilifungwa kamba vitanda, kabati na masufuria yake yote. Shwari alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, akashika usukani kwa mikono miwili, mgongo wima kama mtu anayepigwa picha. Alikuwa bado bwana harusi mbichi, na alikuwa amesikia pembeni kwamba mama huyu, kama ni yeye aliyechagua, angemchagua mwalimu wa hesabu.

Safari ilikuwa inakwenda vizuri mpaka walipopata pancha, tairi la mbele kushoto. Bahati nzuri banda la fundi wa matairi lilikuwa palepale mbele. Fundi alikuwa jibaba mwenye mikono kama mapaja. Alipiga jeki, akalegeza nati, akaling'oa tairi kwa mtaimbo huku akipiga mluzi, akafunga la akiba. Chapuchapu, kwaheri.

Hawajamaliza kona ya kwanza, taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi. Herufi tatu ndani ya duara.

"Mkwe wangu," mama akasema, "hiyo taa ni ya nini?"

Shwari aliijua taa ile kwa sura, kama unavyomjua jirani usiyemjua jina. Ilihusu breki, hilo alikuwa na hakika nalo. Lakini utamtajiaje mama mkwe neno breki mkiwa mnateremka mlima?

"Hiyo, mama, inaonyesha tairi limekubali. Gari linashukuru."

"Linashukuru?"

"Magari ya siku hizi yana adabu sana, mama."

Mama akatikisa kichwa kwa kustaajabu. Mara ikawaka taa ya pili, yenye picha ya kigari na nyuma yake mistari iliyopindapinda.

"Na hiki kigari kilicholewa?"

"Hicho kinaitikia."

"Kinaitikia nini?"

"Ile shukrani."

Jasho lilianza kumchuruzika Shwari mgongoni. Mama, aliyependa mambo mapya, akatoa simu akampigia binti yake, akaweka sauti ya juu. "Mwanangu, huwezi kuamini. Tumebadilisha tairi, sasa gari linawasha taa kutushukuru!"

Kabini ikajaa kicheko cha mke wa Shwari. "Mama, gari gani linashukuru? Huyo mume wangu akishikwa na hofu husema lolote linalomjia mdomoni. Siku ya posa si alimwambia baba kwamba anapenda kuamka alfajiri? Mwambie asimame!"

Mama akaiweka simu mkobani polepole mno. "Mkwe. Simamisha gari."

Alisimama.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," mama alisema. "Miaka yote niliyokaa wodini sijasikia kengele inayolia kwa shukrani. Sasa niambie, hujui au hutaki kusema?"

"Naijua kidogo, mama," alijibu Shwari, macho kwenye viatu. "Inahusu breki. Lakini zinashika, usiogope. Nitaimaliza sasa hivi."

Namna yake ya kuimaliza ilikuwa kuchomoa waya wa betri, kusubiri, na kuurudisha. Rafiki yake aliwahi kumwambia kwamba ukifanya hivyo gari linasahau. Kweli lilisahau: saa ikarudi kwenye sifuri, na redio ikadai namba ya siri ambayo Shwari hakuwahi kuisikia tangu alipokabidhiwa lori. Taa tu ndizo zilizokuwa na kumbukumbu nzuri. Alipowasha, zote mbili zilirudi, na ya tatu ikaja nazo, kama mgeni anayekuja na mgeni mwenziwe.

Hapo alipiga moyo konde, akampigia fundi wake wa karakana, akamweleza zile taa mbili za kwanza.

"Zimewaka lini?" fundi akauliza.

"Baada ya kubadilisha tairi."

"Sasa betri umeifuata nini? Mtu ameteguka kifundo, wewe unamchunguza sikio! Nyuma ya hilo gurudumu kuna sensa, kitu kama kidole cha chuma chenye waya. Kazi yake ni kusoma mwendo wa gurudumu. Fundi wa matairi akiigonga na mtaimbo inarudi nyuma, haisomi tena. Zima gari, zuia magurudumu, ingia chini uitazame. Taa zote mbili ni za ugonjwa huo mmoja."

"Na ya tatu?" mama aliingilia, maana simu alikuwa ameishika yeye.

"Ya tatu ikoje, mama?"

Mama akainamia dashibodi. Miwani yake ilikuwa kwenye sanduku, chini ya vitanda. "Ni mtu. Amesimama, ameshika kiuno kwa mkono mmoja."

Fundi akauliza tena, "Ameshika kiuno?"

"Ameshika kiuno. Na anaonekana ana hasira."

"Mama, tangu nianze kazi hii sijaiona taa hiyo. Tuanze na gurudumu."

Shwari akaweka mawe, akajitosa chini ya lori na shati lake jeupe. Mama alipiga magoti barabarani juu ya kanga aliyoikunja, akammulikia kwa simu. Sensa ilionekana, imejitokeza kwenye tundu lake kama jino bovu, waya umening'inia lakini haujakatika.

"Imekaza, mama! Haiingii!"

"Isukume kwa ustaarabu, usiipige. Haya, vuta pumzi... sukuma! Sukuma! Usipumzike hapo, sukuma!"

Mtu yeyote angesukuma. Sensa iliteleza ikaingia mpaka ndani, ikagusa. Shwari akaufunga waya vizuri, akatoka chini akiwa na grisi kuanzia kola hadi mkanda. Wakaondoka polepole, wote wawili wakiitazama dashibodi badala ya kupongezana. Gari lilipochanganya mwendo kidogo, zile herufi tatu zikazimika, na kigari kilicholewa kikazimika nyuma yake. Mama akapiga vigelegele kabini mpaka vioo vikatetemeka.

"Amebaki wa kiuno," akasema.

Ushwari ulikuwa umemrudia mwenyewe, tena na riba. "Huyo naye atazimika, mama. Amechelewa tu kupata habari."

Alikuwa bado anatabasamu injini ilipokohoa. Ikakohoa tena, ikanyamaza, na lori likajikokota mpaka pembeni. Ndipo Shwari alipoinama akaitazama ile taa ya tatu kwa macho yake mwenyewe, kwa mara ya kwanza.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu si mtu. Ni pampu ya mafuta."

"Na huo mkono?"

"Ni mpira wa kujazia. Tumeishiwa dizeli."

Alingoja radi impige. Badala yake mama alicheka, kicheko cha tumboni, mpaka akamshika bega lenye grisi ili asianguke kitini.

"Nilijitia kujua, mama," Shwari alisema. "Nilikuogopa."

"Najua. Unajua kwa nini sikukutaka? Kila nilichosema ulijibu ndiyo, mama. Nikajiuliza, huyu siku akiumwa nitajuaje?"

Mke wake, aliyepigiwa simu na mama, alifika kwa bodaboda, dumu la dizeli mgongoni, maneno yamemjaa mdomoni. Hakupata kuyatoa. "Mwache mwenzio," mama alimkata. "Ameshinda chini ya gari." Mke akamtazama mama, akamtazama mume na shati lake, akamimina dizeli. Shwari alitoa upepo ulioingia kwenye mabomba ya mafuta, akapampu kwa mkono mpaka kidole gumba kikafa ganzi, na lori likawaka.

Walibanana watatu kabini, mama katikati, kidole chake kikitembea juu ya vitufe vya dashibodi.

"Hiki ni cha nini?"

"Sijui, mama."

"Na hiki?"

"Hicho nacho sijui."

"Hiki je?"

"Hicho nakijua. Cha honi ya pili, ile kubwa."

"Ipige basi tusikie."

Akaipiga.