Mluzi Chini ya Boneti

Wanafunzi wake walimwita Mama Breki. Alilijua jina hilo na wala halikumuudhi. Kazi yake ilikuwa kufundisha udereva, na gari la chuo lilikuwa na breki mbili: moja ya mwanafunzi, nyingine chini ya mguu wake mwenyewe, upande wa abiria. Mguu huo ulikuwa umeokoa mbuzi, baiskeli, kuta za watu na mlango wa benki. Hata nyumbani, akiwa kwenye kochi anasikiliza taarifa ya habari, mtu akipita mbele yake kwa haraka ungeuona mguu ukikanyaga zulia.

Kwa hiyo siku alipoingia gereji na kigari chake cha rangi ya maziwa, kile cha kuendea sokoni, akasema anataka kifungwe turbo, fundi aliweka spana chini, akajifuta mikono polepole.

"Nani anataka, mwalimu? Mtoto wako?"

"Mimi."

"Wewe uliyenifelisha mara mbili kwa kukimbia?"

"Nilikufelisha kwa sababu ulijua kukimbia, kusimama hujui. Leo nimekuja kama mteja. Inawezekana au haiwezekani?"

Fundi huyo, aliyejulikana mtaa mzima kama Kipara, alifungua boneti akainama humo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Injini hii inavuta hewa yenyewe," alisema, "kama mimi na wewe tunavyopumua. Turbo inatumia moshi unaotoka kuzungusha feni, na feni ile inaisukumia injini hewa kwa nguvu. Sasa mtu aliyezoea kupumua mwenyewe, ukimpulizia kifuani, anaweza akapasuka. Itabidi gasketi nene zaidi, nozeli kubwa, pampu nyingine ya mafuta, halafu kompyuta yake tuifundishe upya. Na tutaisukuma kidogo tu. Usitegemee miujiza."

"Miujiza siitaki. Nataka mluzi."

"Mluzi?"

Siku hiyo hakumweleza.

Alipokuwa msichana, kaka yake alikuwa akishindana mbio za magari katika barabara za vumbi. Gari lenyewe lilikuwa la kuungaunga, na turbo aliifunga mwenyewe nyuma ya nyumba, huku mama yao akilalamika kwamba nguo alizoanika zinanuka moshi. Kisha kijana aliyekuwa akikaa naye kumtajia njia akavunjika mkono, na kaka akamgeukia dada yake, kwa kuwa hapakuwa na mwingine na pia kwa kuwa alikuwa na kumbukumbu ya ajabu. Kazi yake ikawa kukaa kiti cha abiria na kutaja kona kabla dereva hajaiona. Kulia kali. Nyooka. Kilima, usikiamini. Kushoto, pole.

Hawakushinda hata mara moja. Lakini kila kaka alipokanyaga mafuta, mluzi mwembamba ulianza chini ya boneti, ukapanda, ukapanda, na moyo wa msichana ukapanda nao mpaka akadhani utamtoka mdomoni. Kaka alimwita Msomaji, kwa jinsi alivyoisoma barabara. Hakuna mwingine aliyewahi kumwita hivyo, wala hakuna ambaye angeruhusiwa.

Baadaye mambo yalikwenda kama yanavyokwenda. Gari likauzwa. Kaka akaenda ng'ambo kuendesha malori, akaoa huko, akakaa moja kwa moja. Yeye akaolewa na mfamasia mpole asiyependa kelele. Kaka na dada hawakuwahi kugombana. Pengine wangegombana wangekuwa na la kuzungumza. Simu zao zilikonda mwaka hadi mwaka, zikabaki mifupa mitupu: hamjambo, hatujambo, watoto je, huku mvua, huku jua, haya basi, nitakuja mwakani. Kitanda cha wageni kilitandikwa kwa ajili ya hiyo mwakani mpaka shuka zikapauka.

Pengine ingeishia hapo. Ila asubuhi moja, katikati ya somo, lori dogo liliwapita likipanda mlima, na turbo yake ikapiga mluzi. Mama Breki akageuza kichwa, akalifuata kwa masikio mpaka likatokomea. Mwanafunzi naye akapanda ukingo wa barabara, akaliangusha pipa la taka, na kwa mara ya kwanza ule mguu haukukanyaga kitu. Maganda ya ndizi yakateleza juu ya boneti.

"Samahani, mwalimu," mwanafunzi alisema kwa hofu.

"Hapana, mwanangu. Hilo ni langu."

Wiki hiyo hiyo akaenda kwa Kipara.

"Gari linatufikisha kote tunakokwenda," mumewe alimwambia aliposikia. "Unataka litufikishe wapi?"

Akamwongezea chai.

Kazi ilichukua muda. Turbo ilitoka kwenye gari la mizigo la kampuni ile ile iliyotengeneza kigari, ambalo lilikuwa limepinduka na kutupwa. Ilikuwa ndogo, inaenea mikononi kama papai, na Kipara aliisafisha kwa brashi mpaka mapanga yake yakang'aa. Akachomelea manifoldi mpya, lile bomba la moshi wa injini, ya kuishika. Akaivutia bomba la kuletea oili na jingine la kurudishia, akisema turbo ikikosa oili hata kidogo imekwisha. Alipowasha mashine ya kukatia chuma ili apate nafasi ya kipoza hewa ya turbo nyuma ya bampa, mwenye gari alifumba macho kama mzazi anayeshuhudia mtoto akichomwa sindano.

Alikuja kila alipomaliza masomo, akakaa juu ya tairi kuukuu na kutazama. Jioni moja, bila kuulizwa, alimweleza fundi habari za kaka, za vumbi, za mluzi. Kipara alikuwa na mzaha wa kila jambo, lakini hapo aliendelea kukaza nati iliyokwisha kukazika.

"Kumbe ndiyo maana," alisema mwishoni. Halafu, kama mtu anayetafuta pa kujificha, akarudi kwenye kazi: "Ukifika mahali usizime mara moja. Iache injini ingurume kidogo, turbo ipoe."

"Kama mtu aliyetoka kupanda ngazi."

"Hasa."

Walilijaribu Jumapili asubuhi katika barabara ya machimbo ya kokoto, inayopanda kwa kona nyingi na ambayo siku hiyo haina malori. Kipara alikaa upande wa abiria. Mama Breki alifunga mkanda, akarekebisha vioo ambavyo tayari vilikuwa sawa, akatazama kulia na kushoto kwenye barabara isiyokuwa hata na kuku. Kisha akakanyaga.

Mwanzoni lilikuwa gari lile lile la sokoni. Halafu, walipokuwa wanaanza kupanda, kitu kikaamka chini ya boneti. Sauti nyembamba, ikipanda, ikipanda, na viti vikawasukuma mgongoni, na mti wa kwanza ukapita kabla hajamaliza kuuona. Alisahau kwamba ana wajukuu. Kipara, aliyetamba tangu ujana kwamba haogopi mwendo, alikuwa akikanyaga sakafu kutafuta breki.

"Mwalimu! Kona!"

"Naiona."

Aliikata vizuri, akatokea upande wa juu, mluzi ukapanda tena. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, kwa sababu mikono miwili hukaa kwenye usukani.

"Simu yangu iko kwenye mkoba," alisema. "Mpigie kaka. Weka sauti ya nje, uisogeze mbele. Mimi siendeshi huku nashika simu."

Kipara alitii. Simu iliita kwa muda, kisha sauti nzito, yenye usingizi kidogo, ikasema, "Eee, hamjambo huko?"

"Usiseme kitu," dada alimwambia. "Sikiliza."

Akabadilisha gia, akakanyaga, akauacha mluzi uimbe mpaka juu kabisa.

"Simamisha gari," kaka alisema.

"Nini?"

"Simamisha gari, Msomaji. Hiyo inavuja."

Alilisimamisha kando, akaliacha lingurume. Kipara alikuwa amefura. "Huyu kaka yako anatibu kwa simu? Nimeifunga kwa mikono yangu mwenyewe!"

"Nimekusikia, fundi," simu ilisema kwa upole. "Turbo iliyo nzima inanong'ona. Hiyo yenu inalia. Angalia mpira unaotoka kwenye kipoza hewa kwenda kwenye injini. Klipu imelegea."

Kipara akafungua boneti, akapitisha mkono, na klipu ikacheza vidoleni mwake. Akachukua bisibisi, akakaza, akafunga boneti taratibu mno.

Walipoondoka tena gari lilivuta kuliko mwanzo. Lakini ule mluzi ulikuwa umekwisha. Palikuwa na mnong'ono tu, kama mtu anayepuliza chai chumba cha pili.

"Hapo sawa," kaka alisema, ameridhika.

"Lakini ile ya kwetu ilikuwa inapiga mluzi."

"Ya kwetu ilikuwa inavuja siku zote. Nilikuwa nafungia waya."

Dada alibadilisha gia. Alikuwa ameubeba mluzi ule maisha yake yote, na kumbe ulikuwa hewa inayotorokea penye tundu. Alidhani ataumia. Badala yake akacheka, kicheko kikamshika mpaka ikabidi apunguze mwendo. "Kwa hiyo ndiyo maana hatukushinda!"

"Hatukushinda kwa sababu uliwahi kuniambia kulia ni kushoto, tukaingia kwenye shamba la mahindi la watu."

"Ulikuwa umeniudhi siku hiyo."

"Nilijua tu ulifanya makusudi!"

Walicheka wote, huyu huku, yule kule, na Kipara katikati na simu mkononi kama mtu aliyebeba yai. Hawakuwa wamecheka hivyo tangu mama yao yu hai. Na kwa kuwa kicheko kilikuwa kimefungua mlango, dada aliingia humo humo.

"Utakuja lini, kaka? Usiniambie mwakani."

Kwenye simu kicheko cha kaka kilikatika.

"Siendeshi tena," alisema. "Macho. Giza lilianza pembeni, sasa limefika katikati. Naona mwanga, naona mtu amesimama, uso wake siuoni. Sikutaka kukwambia. Ningekuja nikufanye nini, unishike mkono kama mtoto?"

Kipara alitazama nje dirishani. Mama Breki alihisi mguu wake ukitafuta breki, na safari hii breki ilikuwapo. Alipunguza mwendo lakini hakusimama.

"Mko wapi hapo?" kaka aliuliza. "Barabara ya machimbo, siyo? Nasikia kokoto. Niambie unaona nini."

"Nyooka," dada alisema. "Nyooka ndefu. Kulia kuna vichaka, vimechanua maua ya njano. Halafu kulia kali."

"Eee."

"Kilima. Usikiamini. Baada yake kushoto, pole, pana kokoto zimemwagika."

"Endelea."

Akaendelea hadi juu kabisa, kila kona na kila shimo, na kaka akiitikia kwa pumzi tu. Barabara ilipokwisha aliliacha gari lingurume. Mbele yao kulikuwa na bonde na ukungu wake, na alimweleza hilo pia, mpaka salio la simu likaisha na kukata sauti ya kaka katikati ya neno.

Alimshusha Kipara gereji. Fundi alishika mlango bila kuufunga. "Mwalimu, ukitaka nitailegeza tena ile klipu. Kidogo tu. Haitadhuru sana."

Aliifikiria kwa dhati, mikono kwenye usukani. "Hapana," alisema. "Iache ilivyo."

Mumewe alikuwa jikoni anaosha vikombe. Alisikia gari likiingia, akasikia halizimwi, akachungulia dirishani kuona kulikoni. Mkewe alikuwa amekaa ndani, ametazama mbele, injini ikinguruma taratibu. Alipoingia hatimaye, hakuvua hata viatu.

"Kaka haoni," alisema.

Mfamasia alifunga bomba la maji. Alisikiliza yote amesimama, matone yakimdondoka vidoleni. Mkewe alipomaliza, alisema, "Na sisi tumekaa tunatandika kitanda."

"Nilikuwa namsubiri aje. Haikunipitia akilini kwamba mimi nina miguu."

"Na gari lenye turbo."

"Acha mzaha, baba. Kuna bahari hapo katikati."

"Sawa, nimeacha." Alijikausha mikono kwenye shati, jambo ambalo siku zote mkewe humkataza. Kisha akaenda chumbani. Mkewe alimsikia akiburuta kiti, akipanda juu yake na kuguna kwa ajili ya magoti, halafu kishindo cha sanduku kubwa la safari likishushwa kutoka juu ya kabati, likiwa limejaa mapazia ya zamani ambayo hakuna aliyekumbuka kwa nini yaliwekwa. Naye alikwenda akapiga magoti sakafuni, wakaanza kuyatoa moja moja, vumbi likiwapanda puani, bila mmoja wao kujua bado wataweka nini mahali pake.