Chupa Nyeupe ya Mawaridi

Wewe mwenye mtoto mdogo na maua mlangoni, keti kidogo usikie yaliyompata Asenath wa mtaa wa Mbotela.

Maji ya mfereji huko huja yakipenda. Asenath hakutaka mawaridi yake yakauke, kwa hiyo alifunga chupa kubwa za soda kwenye seng'enge, vichwa chini, akatoboa kila kifuniko na kupenyeza mpira mwembamba hadi shinani. Tone, tone, mchana kutwa.

"Mama Triza, umelaza maua wodini?" Nthoki wa mlango wa pili alimtania.

Lakini mawaridi yalipochanua mekundu, Nthoki naye akaanza kuokota chupa.

Kisha wakaingia wadudu. Dawa yao ni ya kunyunyiza kwa pampu, na Asenath hakuwa na pampu. Akawaza: mpira si unafika mzizini? Akatia dawa ndani ya chupa ya mwisho, maji yakageuka meupe kama maziwa. Nthoki aliyekuwa akitazama akaomba kidogo, akapimiwa. Asenath akaenda nyuma kuanika nguo.

Sasa, mtoto gani wa Mbotela hajui barafu ya maziwa, ile ya kwenye nailoni nyembamba, unang'ata ncha unanyonya?

Aliporudi alikuta mpira umechomolewa udongoni, ncha imetafunwa. Triza, bintiye wa miaka mitatu, alikuwa ameketi kwenye ngazi, mate yakimchuruzika hadi kifuani.

"Triza, umekula nini?"

"Barafu ya maua," akasema polepole. "Si tamu."

Nthoki alikuja mbio na kikombe. "Mpe maziwa yaue sumu. Mtie kidole atapike."

Hivyo ndivyo wote walivyolelewa kujua. Asenath akamnywesha. Maziwa yakarudi kwa pua, mtoto akapaliwa, midomo ikaanza kubadilika rangi. Akasukuma kikombe, akambeba Triza, akafika langoni, kisha akageuka.

"Unarudia nini na mtoto anatutoka?" Nthoki alimpigia kelele.

"Dawa," alisema Asenath, akachomoa kichupa chake chini ya karo la kuoshea vyombo.

Lakini kichupa chenyewe kilikuwa cha dawa ya kikohozi. Mwenye duka alimpimia humo. Hospitalini daktari alikigeuza huku na huku.

"Dawa gani hii, mama?"

"Ya wadudu wa maua."

"Jina lake."

Hakulijua. Akampigia mwenye duka, simu ikalia ikakatika. Akapiga tena. Kifua cha Triza kilikuwa kikikoroma kama sufuria ya uji. Mara ya tatu mtu aliitika, akaanza kujitetea kwamba yeye huuza tu, na daktari akainyakua simu.

"Nitajie jina. Mtoto hapumui vizuri."

Akalitaja. Sindano ikaingia, kisha wakamfunga dripu mkononi. Asenath alikaa kwenye benchi akitazama: tone, tone. Mkoromo ulipoanza kupungua ndipo alipoichukua simu tena. Akampigia Nthoki.

"Mwanao Mwende yuko wapi?"

"Hapo nje anacheza. Triza anaendeleaje?"

"Nthoki, ile dawa niliyokupimia uliitia wapi?"

Mara yakasikika malapa yakipiga sakafu mbio, mlango ukigonga ukuta, jina la Mwende likiitwa mara nyingi. Asenath akabana simu sikioni. Akasikia chupa ikinyofolewa kutoka kwenye waya, maji yakimwagika.

"Nimemshika," Nthoki alisema, akihema. "Alikuwa ameushika mpira mkononi."

"Mnuse mdomo."

"Ananuka chapati."

"Mnuse tena, dada. Na mikono umwoshe kwa sabuni."

Hakukata simu. Alikaa vivyo hivyo, sikio kwa Mwende akilia kwa maji ya sabuni machoni, macho kwa kifua cha Triza kikipanda, kikishuka, kikipanda.