Lenzi ya Baba Watoto

Mume wangu ni fundi wa kusaga lenzi za miwani, na tangu tuoane hutoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni. Huo ndio msingi wa ndoa yetu. Nampenda sana akiwa kazini. Kwa hiyo mwenye duka aliponunua mashine na kumwambia, "Mzee, mkono wako umechoka, jifikirie," mimi ndiye niliyekosa usingizi. Nashona nguo chumba cha mbele. Nilijiona nimekaa pale, mtu mzima kasimama nyuma yangu siku nzima, ananielekeza jinsi ya kutunga uzi.

Yeye hakubishana na mtu. Alisema atasaga kwa mkono lenzi ya darubini, pana kama kisosi. Ikitoka safi, atajua bado yumo. Ikitoka mbovu, anavua aproni. Niliiombea lenzi ile kuliko nilivyowaombea wanangu mitihani.

Jioni ya majaribio aliifunga kwenye bomba la plastiki, akalilaza bomba uani juu ya meza yangu ya kupigia pasi, ncha ya mbele ameiinua kwa matofali, katikati ya kamba za nguo. Jua lilikuwa ndiyo kwanza limezama. Upande ule ule, juu ya paa la jirani, sayari ya Zuhura iling'aa peke yake. Haiendi mbali na jua, ndiyo maana tuliiwahi kabla nayo haijazama. Akainama, akachungulia. Akaifuta lenzi kwa pindo la shati, akachungulia tena.

"Naiona nusu," alisema. "Upande mmoja nimeusaga vibaya."

Nikachungulia. Kweli, ilikuwa nusu, kama kifungo kilichovunjwa na pasi. Nilipoinua kichwa alikuwa amekaa juu ya ndoo, mikono kaiweka mapajani kama vitu vya kuazima. Nilimwonea huruma, kisha nikajionea na mimi.

"Mteja akilalamika anaona doa, huwa unafanyaje?" nilimuuliza.

"Nazungusha miwani. Doa likizunguka, kosa ni la kioo."

"Lisipozunguka?"

"Kosa ni la jicho lake."

Nikalizungusha bomba palepale lilipolala, jicho langu tunduni. Bomba liligeuka juu chini. Nusu ile haikutikisika.

"Njoo, Baba Watoto. Haizunguki. Na macho yetu sote yameona nusu ile ile. Lenzi yako nzima, hiyo sayari ndiyo nusu."

Alilizungusha mwenyewe, mara nyingi, bila kuniamini. "Jua linaipiga upande mmoja," alisema taratibu. "Kama mwezi." Machozi yakamlenga, na mimi nikajikuta nalia, mwanamke mzima, kwa ajili ya kipande cha kioo.

"Basi kesho nenda kamwambie mwenye duka mashine yake aifanye meza," nilisema.

"Kesho nakwenda kuaga. Nilichokuwa sitaki ni kutoka nimeshindwa. Sasa nitasaga darubini zangu hapa hapa nyumbani."

Nilikuwa nimejiponza mwenyewe, tena kwa akili zangu timamu. Akaniuliza jiwe lake la kusagia likae wapi. Alivyokuwa anacheka, ningemwambia nini? Nikamwambia aliweke dirishani, karibu yangu, ila siku atakayofungua mdomo kuhusu ushonaji, ndoa imevunjika.